UZI: "Thug" kwa Kihindi ni tapeli, sio jambazi. Nani kaligeuza hili neno?

Wakuu habari za muda huu.

Juzi kwenye ule mjadala wa jamaa wa "ile hela itume kwenye namba hii" kuna mdau akaandika kwamba wale sio thugs, thug ni yule anayekuja usiku na panga, wale wa simu ni matapeli tu. Sikutaka kuharibu uzi wa watu ila ile kauli imenikaa kichwani, kwa sababu ukirudi kwenye lugha lilikotoka neno lenyewe, yaani Kihindi, mambo yako kinyume kabisa. Yule wa simu ndo thag halisi. Yule wa panga ana jina lake jingine, anaitwa daku au dakait, na Waingereza hilo nalo walilibeba wakaliandika dacoit.

Nimeona nilifungulie uzi wake maana hili neno limepita mikono mingi na kila mkono ulilichafua kwa namna yake. Ni uzi mrefu, mwenye haraka aruke mpaka pale kwenye kifungu cha 310, hapo ndo moyo wa habari yenyewe ulipo.

Tuanze na Kihindi cha kawaida, cha leo. Thag ni tapeli. Thagna ni kutapeli. Thagi ni utapeli. Ukifungua gazeti la Kihindi sasa hivi utakutana na "saibar thagi" karibu kila siku, yaani utapeli wa mtandaoni. Wana aina moja imewatesa sana miaka hii, wanaiita kukamatwa kidijitali: mtu anakupigia simu ya video kavaa sare za polisi, nyuma yake kapanga kitu kama ofisi ya kituo, anakwambia jina lako limeonekana kwenye kesi ya madawa au ya kutakatisha pesa, uko chini ya ulinzi, usitoke mbele ya kamera wala usimwambie mtu, na unakaa hapo masaa au hata siku nzima unahamisha hela mpaka akaunti inabaki tupu. Ilifika mahali Oktoba 2024 Waziri Mkuu Modi mwenyewe akaliongelea kwenye kipindi chake cha redio kuwaonya wananchi. Hao wote magazeti yao yanawaita thag. Hakuna bunduki, hakuna panga, ni mdomo na simu.

Na sio kwamba ni maana mpya ya zama za simu. Kabir, yule mshairi mkubwa wa Banaras wa karne ya 15, ana utenzi unaoimbwa mpaka leo ambamo maya, yaani mvuto wa dunia hii inayopita, anauita mahathagini, tapeli mkubwa wa kike. Hajasema muuaji wala mporaji, kasema tapeli, anakuchekea huku anakumaliza. Na Kanpur kuna duka maarufu sana la laddu linaitwa Thaggu ke Laddu, na kaulimbiu waliyoiandika dukani maana yake ni kwamba hakuna ndugu ambaye hatujawahi kumtapeli. Watu wanapanga foleni wananunua kwa raha zao. Sasa jiulize kama thag kwa Kihindi ingekuwa na uzito wa "jambazi muuaji", nani angethubutu kufungua duka la vitamutamu kwa jina hilo?

Kuhusu asili, wanaisimu wengi wanalipeleka kwenye Kisanskriti, sthaga, mtu mjanja mwenye hila, na nyuma yake kuna kitenzi chenye maana ya kufunika au kuficha. Thag ni mfunikaji basi, anayekuficha ukweli usiuone. Na wanaliunganisha na mzizi wa zamani sana ulioenea mpaka Ulaya, ambako Kilatini kilikuwa na tegere, kufunika, na ukiweka de- mbele inakuwa kufunua, na hapo ndo Waingereza wakapata detective, mpelelezi. Kama unganisho hilo ni sahihi basi thug na detective ni ndugu wa damu, mmoja anafunika mwingine anafunua. Mimi hii ilinifurahisha sana nilipoisoma mara ya kwanza.

Matamshi nayo. Ile th sio th ya thamani wala thelathini. Ni t yenye pumzi, ulimi umejikunja kidogo kwenda juu, alafu unatoa hewa. Waingereza walipoandika th walimaanisha t na pumzi, ila msomaji wa London akaona th akasoma kama th ya kwao, basi neno likabadilika sauti kabla hata halijabadilika maana. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu hii hawatapata shida nayo kwa sababu kwao pumzi inatofautisha maneno kila siku, paa la nyumba halina pumzi ila paa mnyama anayo, kaa la moto halina na kaa wa baharini anayo. Sisi wa bara ndo tunayatamka sawa yote. Kwahiyo Mmvita akiambiwa sema thag atakaribia zaidi kuliko Mwingereza yeyote.

Haya. Sasa tapeli alifikaje kuwa muuaji?

Hapa lazima niseme ukweli wote kwa sababu kuna watu wakisikia historia hii wanarukia kusema Waingereza walitunga kila kitu. Hapana. Watu waliouawa barabarani walikuwepo, na maiti zilifukuliwa. Kati ya miaka ya 1290 na 1296 huko Delhi chini ya Sultani Jalaluddin Khalji, mwandishi Barani anaeleza kuwa walikamatwa thag kama elfu moja, na Sultani hakuwaua, aliwapakia kwenye mashua akawapeleka Bengal wakaachiwe huko wasimsumbue tena. Lakini angalia, hapo wametajwa kama thag, na haijasemwa walikuwa wanyonga watu kwa vitambaa. Hiyo picha ya kitambaa shingoni imekuja kushikamana na jina hili baadaye sana.

Wale wa miaka ya 1800 mwanzoni, utaratibu wao ulikuwa hivi. Zama hizo hakuna treni, ya kwanza ya abiria ilianza 1853 kutoka Bombay kwenda Thane. Watu wanatembea kwa miguu au farasi wiki kadhaa. Askari anarudi likizo na mshahara wa miezi, mfanyabiashara ana mzigo, na wapo wabeba hazina wa wale mabwana wa fedha maana sio kila deni lililipwa kwa hundi (hundi yetu hii nayo imetoka hukohuko), mara nyingi fedha na dhahabu vilibebwa kimwili. Msafiri anaogopa njia. Anakutana na kundi la watu wa heshima, wamevaa vizuri, wanasema na sisi tunaelekea kuleule, twende pamoja ndugu yetu, wengi ni salama. Wanakula naye, wanapiga stori, wanaimba jioni. Siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Kuna mtu kazi yake maalum ni kuongea tu, kuwavuta wasafiri wajisikie nyumbani. Alafu siku moja kwenye sehemu waliyoichagua mapema, makaburi tayari yamechimbwa, mtu mmoja anatamka maneno ya kawaida kabisa kama yale ya kuombana tumbaku, na hiyo ndo ishara. Rumal inazunguka shingo. Rumal ni kitambaa tu, kile cha kujifutia jasho.

Sasa swali la msingi: kwanini hawa waliitwa thag na wale majambazi wengine wa farasi na mikuki wakaitwa daku? Kuua wote wanaua. Tofauti ni ule urafiki wa uongo. Daku anakuja wazi, unamuona, unaweza hata kukimbia. Thag anakula sahani moja na wewe. Jina lilitokana na utapeli, mauaji yalikuwa mwisho wa utapeli. Hii ni muhimu sana kuielewa, kwa sababu Mwingereza alipolichukua neno alichukua kaburi akaacha ile sahani.

Aliyelichukua hasa ni mtu mmoja anaitwa William Sleeman, mzaliwa wa Stratton huko Cornwall mwaka 1788, afisa wa Kampuni ya India Mashariki, ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala India zama hizo. Alikuwa Narsinghpur kwanza kisha Jabalpur, kule inapoitwa leo Madhya Pradesh. Alikuwa mtu wa akili nyingi na udadisi wa ajabu, mwaka 1828 huyohuyo ndo aliokota mifupa ya dainosa pale Jabalpur, miongoni mwa ya mwanzo kabisa kupatikana India. Na kuna mji mpaka leo unaitwa Sleemanabad. Ila udadisi wake mkubwa aliuweka kwa thag.

Kabla yake kila eneo lilikuwa na jina lake kwa wanyongaji wa barabarani. Kusini, daktari mmoja wa Madras aitwaye Sherwood aliandika juu yao mwaka 1816 akawaita phansigar, kutokana na phansi, kitanzi. Sleeman akawakusanya wote kwenye kapu moja, India nzima, akasema ni kitu kimoja, chama kimoja cha siri, kina dini yake ya kumuabudu Kali, mungu wa kike wa Wahindu, kina lugha yake, kina ukoo wake baba kwa mwana. Mwaka 1836 akachapisha Calcutta msamiati wao wa siri alioukusanya kutoka kwa wafungwa. Njia yake ya upelelezi ilikuwa kumgeuza mfungwa awe shahidi: ukitaja wenzako hunyongwi. Maarufu kuliko wote ni Feringhea, yule alifunguka akaonyesha makaburi moja baada ya jingine. Kati ya 1826 na 1835 zaidi ya watu 1,400 walinyongwa au kupelekwa kifungo cha maisha ng'ambo.

Fikiria lakini ushahidi wenyewe. Mtu ana kamba shingoni, anaambiwa taja. Atataja. Ndo maana ile namba ya mauaji 931 ya mtu mmoja inayozunguka kila kona ya mtandao (imefika mpaka kwenye vitabu vya rekodi) wanahistoria hawaiamini, imetokana na maelezo ya mfungwa wa namna hiyo, na hata yeye hakusema wote kawaua kwa mkono wake.

Alafu ikaja sheria. Sheria namba 30 ya 1836. Naomba msome taratibu: mtu yeyote ikithibitika aliwahi kuwa mmoja wa genge la thugs, iwe kabla ya sheria hii kupitishwa au baada, iwe ndani ya ardhi ya Kampuni au nje yake, adhabu ni kifungo cha maisha na kazi ngumu. Hakuna kuuliza ulimuua nani, lini, wapi. Hakuna kuuliza kama uliua. Kuwa thug peke yake ndo kosa. Na sheria yenyewe haikueleza thug ni nani! Neno la Kihindi limewekwa kwenye sheria ya Kiingereza bila tafsiri, na mwenye kuamua nani ni thug ni yuleyule aliyekuwa anawakamata.

Waliohukumiwa wengi walichorwa tatuu kwenye paji la uso kuonyesha ni thugs. Usoni, sio mkononi, ili hata akitoroka asipate pa kujificha. Adhabu hiyo ya kuchora paji ilifutwa 1849. Wale waliogeuka mashahidi nao hawakuachiwa, walikaa Jabalpur na familia zao kwenye kiwanda cha kufuma mazulia na kushona mahema.

Wanahistoria wa sasa, mfano Kim Wagner, wanasema hivi: genge zilikuwepo na mauaji yalikuwepo, lakini dini ya siri ya India nzima haikuwepo. Walikuwa wakulima na askari waliokosa kazi baada ya vita kuisha, wanatoka msimu fulani wanaiba njiani wanarudi kulima, na wenye mashamba wao wakichukua fungu. Hindu walikuwemo, Waislamu walikuwemo tele. Kumuomba Kali kabla ya safari haikuwa ajabu, wafanyabiashara na askari nao waliomba miungu yao kabla ya safari. Mimi nakubaliana na upande huu kwa sababu unaeleza hata ile tofauti ya majina ya kila mkoa.

KIFUNGU CHA 310

Hapa ndo nilikuwa nawaleta.

Mwaka 1860 ikatungwa Kanuni ya Adhabu ya India, ikaanza kutumika Januari 1862. Kifungu cha 310 kinamwelezea thug, safari hii kwa maneno kamili: ni mtu aliyezoea kushirikiana na wengine kwa ajili ya unyang'anyi au wizi wa watoto kwa njia ya kuua au pamoja na kuua. Kifungu cha 311: adhabu ni maisha.

Umeona kilichopotea? Utapeli haumo. Hata neno moja la hila, urafiki wa uongo, kudanganya, hakuna. Limebaki kuua na kupora. Utapeli wenyewe umehamishiwa mbele, kifungu cha 420, kudanganya na kujipatia mali kwa udanganyifu. Kwahiyo sheria ilimchukua thag mmoja ikampasua katikati, mkono wake ukaenda 310 na mdomo wake ukaenda 420.

Na wananchi wa India wakafanya jambo zuri sana, ile 420 wakaigeuza jina. Char sau bees, mia nne ishirini, ukimwambia mtu hivyo umemwita tapeli. Wale wapenzi wa sinema za Kihindi za zamani namba hiyo mnaijua vizuri, ilikuwa haikosi mdomoni kwa watu. Neno lao la thag lilipotekwa na mahakama wakateka namba ya mahakama wakaitumia kwa maana ileile ya zamani.

Sasa kuna kitu hapa kinatuhusu sisi moja kwa moja na watu wengi hawakijui. Kanuni hiyo ya India ndo iliyotumika huku kwetu. Kenya tangu ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1897, Uganda, na Tanganyika kuanzia 1920 baada ya Mjerumani kuondoka, wote walihukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India mpaka 1930 zilipotungwa kanuni za hapa. Zanzibar nayo iliitumia. Maana yake ni kwamba kitabu alichokuwa nacho hakimu wa Nairobi au wa Dar es Salaam mwaka 1925 kilikuwa na kifungu kinachosema thug ni nani. Watu wengi wanadhani tumelipata neno hili kutoka kwa Tupac! Lilikuwepo kwenye meza za mahakama zetu miaka mingi kabla mama yake Tupac hajazaliwa.

Naendelea.

Kuna mdau kauliza hapo chini: "sasa kutoka India lilifikaje kwa watu weusi wa Marekani?" Swali zuri, na jibu lake linaanzia Scotland.

Mwaka 1837 wasokota pamba wa Glasgow waligoma, wakatuhumiwa kwa vurugu na mauaji, viongozi wao wakashitakiwa na kupelekwa kifungoni. Miaka miwili baadaye, 1839, Thomas Carlyle akiandika juu ya hali ya wafanyakazi Uingereza anataja kwamba watu tayari wanawaita "Glasgow Thugs", jina la utani. Hebu pima muda: sheria ya Sleeman 1836, na 1839 neno liko Scotland linapachikwa wafanyakazi waliogoma. Miaka mitatu tu. Mwaka huohuo 1839 ikatoka riwaya ya Philip Meadows Taylor, afisa aliyekuwa akifanya kazi kwa Nizam, yaani mtawala, wa Hyderabad, simulizi ya thug anayekiri makosa yake, ikasomwa sana Uingereza. Kwahiyo raia wa London ambaye hajawahi kumuona Mhindi hata mmoja tayari ana picha kichwani ya thug, na picha hiyo anaitumia kwa mtu yeyote wa tabaka la chini anayemtisha.

Marekani nayo ikalipokea. Mark Twain alitembelea India 1896 na kwenye kitabu chake cha safari cha 1897 kaandika kurasa nyingi juu ya thugs akitegemea ripoti za Sleeman. Ila matumizi yaliyonigusa mimi ni ya wachimba makaa ya mawe kule Kentucky, kaunti ya Harlan, miaka ya 1930. Wao waliwaita "gun thugs" walinzi wenye bunduki walioajiriwa na makampuni ya migodi kuwapiga wanaogoma. Yaani safari hii mnyonge ndo kashika kalamu, na thug ni mtu wa mwenye mali. Glasgow neno lilimwangukia mfanyakazi, Harlan mfanyakazi akalirudisha kwa bosi. Naona inastahili kutajwa maana nyuzi nyingi za asili ya neno hili zinaruka kutoka Sleeman mpaka Tupac kana kwamba katikati hapakuwa na watu.

Tupac sasa. Miaka ya 90 mwanzoni alichora THUG LIFE tumboni, akaunda na kundi la jina hilo, albamu yao ikatoka 1994. Akiulizwa alikuwa anaeleza kwamba hamaanishi mhalifu anayekuvamia, anamaanisha yule asiyekuwa na kitu, aliyeanzia chini kabisa, ambaye kila mtu kamkatia tamaa na bado anasimama. Akazifanya herufi zenyewe kuwa kifupisho cha sentensi ndefu inayosema chuki mnayowapa watoto wadogo inakuja kuwaumiza wote. Nikikumbuka wale wafungwa wa Jabalpur waliochorwa neno hilohilo usoni kwa nguvu ya serikali, na huyu kijana miaka 150 na zaidi baadaye akalichora mwenyewe kwenye mwili wake kwa hiari, nakosa maneno. Sidhani kama alijua habari za wale. Lakini alichokifanya ni kilekile walichonyimwa wao, kusema mwenyewe neno hili likiwa juu yangu linamaanisha nini.

Huku mtaani kwetu lilifika na yeye, kwenye fulana, kwenye matatu za Nairobi, kwenye daladala, kwenye kuta za vinyozi. Na Kenya kwenye magazeti ya Kiingereza thugs ni neno la kila siku kwa majambazi, mtaani wanasema mathugs. Maana ya kifungu cha 310 kabisa, bila hata kujua.

Marekani kwenyewe likaendelea kuwa chungu. Januari 2014 Richard Sherman, mchezaji mweusi wa Seattle Seahawks, timu ya mpira wa Kimarekani, aliongea kwa kelele kwenye mahojiano dakika chache baada ya kushinda mechi kubwa, hakumgusa mtu, hakutukana, basi siku iliyofuata kila mahali anaitwa thug. Huyu ni mtu aliyesoma Stanford. Akajibu kwa utulivu kwamba siku hizi hilo ni neno linaloruhusiwa badala ya lile tusi la zamani kwa watu weusi. Mwaka uliofuata, Aprili 2015, Baltimore ilipowaka baada ya kijana mweusi Freddie Gray kufa kutokana na majeraha aliyopata akiwa mikononi mwa polisi, meya wa jiji na Rais Obama wote wawili walitumia neno thugs kwa waliochoma na kupora. Na meya na rais wote ni weusi. Meya baadaye akalirudi neno lake. Tazama ulivyo uzito wake, mpaka meya anarudi kujisahihisha kwa neno ambalo Kanpur limeandikwa juu ya duka la laddu.

Mdau mwingine kasema "haya ni mambo ya maana kubadilika tu, maneno yote hubadilika, unalikuza". Mkuu nakuelewa, na kweli maneno hubadilika, hata sisi tuna mengi. Ila kuna mabadiliko yanayotokea sokoni kwa watu kuongea, na kuna mabadiliko yanayotokea kwa sababu kuna sheria, jela na tatuu nyuma yake. Hili ni la aina ya pili. Ushahidi ni hiki: kule India kwenyewe ambako watu waliendelea kuongea kwa raha zao maana haikubadilika, thag ni tapeli karne ya 15 na thag ni tapeli leo. Lilibadilika tu pale liliposhikwa na ofisi.

Na ile fikra ya kwamba kuna watu kosa lao ni kuwa walivyo haikuishia kwa thugs. Ilizaa Sheria ya Makabila ya Wahalifu ya 1871, ambapo jamii nzimanzima, wafugaji wahamaji, wachuuzi wa chumvi, wacheza sarakasi, ziliandikwa kwenye rejista kuwa ni wahalifu wa kuzaliwa. Mtoto anazaliwa tayari yumo kwenye daftari la polisi. Lazima aripoti kituoni, haruhusiwi kuhama bila kibali. India ilipopata uhuru sheria ilifutwa, na 31 Agosti 1952 jamii hizo ziliondolewa kwenye orodha, wao wanaiadhimisha tarehe hiyo mpaka sasa kama siku yao ya ukombozi. Lakini waulize wenyewe, polisi wakitafuta mwizi bado wanaanzia kwao. Wakuu mimi hili linaniuma kuliko sehemu zote za hii habari, na ndo sababu hasa nimechukua muda kuandika yote haya.

Aliyeuliza kama idara ya Sleeman bado ipo: hapana. Idara ya Thugs na Dacoity ilidumu mpaka 1904, miaka mingi sana baada ya wanyongaji wa barabarani kuisha, ndipo ikageuzwa kuwa idara kuu ya upelelezi wa jinai. Sleeman mwenyewe alifia baharini 1856 karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo) akiwa njiani kurudi kwao.

Na kile kifungu cha 310 kilikuwa bado hai kwenye vitabu vya India mpaka juzijuzi. Tarehe 1 Julai 2024 India ilianza kutumia kanuni mpya, Bharatiya Nyaya Sanhita, na thug hayumo tena, wamemtoa kabisa. Utapeli umo, umehamia kifungu cha 318, ila watu wanaendelea kuitana mia nne ishirini.

Ombi langu kwa wanasheria na watu wa nyaraka humu ndani, hasa wa Nairobi, Dar na Zanzibar: kama kuna mtu amewahi kuona hukumu yoyote ya huku kabla ya 1930 ambayo mtu alishitakiwa kwa 310 au 311, aweke hapa tuione, hata picha ya ukurasa mmoja. Za 420 nadhani zitakuwa nyingi, nazo leteni.